Kumtafuta mtu wa ustawi katika jiji la watu wanaojuana

"Na wewe umekuja kumwombea nani msamaha?"

Aliyeniuliza ni mama wa makamo aliyekaa kwenye benchi nje ya mlango wenye kibao cha Ofisi ya Ustawi wa Jamii, bahasha ya kaki mapajani, kandambili miguuni. Ilikuwa asubuhi, hospitali moja ya hapa Tanga. Mlango wenyewe umepakana na dirisha la malipo. Ukikaa pale unaonwa na anayekwenda maabara, anayekwenda famasia, na anayempelekea mgonjwa wake chai wodini. Nikamwambia sikuja kuomba msamaha wa gharama za matibabu. Akageuka mzima mzima kunitazama.

"Sasa huku umefuata nini, mwanangu?"

Nikabaki natabasamu tu. Ningesema natafuta mtu wa kuzungumza na dada yangu? Tanga hii? Neno lingetoka benchini, lingepanda bodaboda, na kabla ya adhuhuri lingeshafika Makorora na chumvi juu: dada wa fulani kachanganyikiwa.

Swali la mama yule halijaniacha tangu siku ile. Linanijia nikiosha vyombo, linanijia nikiwa kwenye daladala. Ndiyo maana naandika. Dada ameisoma rasimu, amefuta sehemu aliyoona si ya watu, akaniambia iliyobaki niiweke.

## Maziwa

Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume aliyekwisha kufa, mimba ikiwa mwezi wa nane. Wanaume walikwenda kuzika jioni ile ile, yeye akiwa bado wodini. Hapakuwekwa matanga. Aliporudi nyumbani, shangazi zetu walimwambia yale ambayo wote tumewahi kuyasema: Mungu atakupa mwingine, shukuru umebaki wewe, usilie sana utajiumiza.

Siku chache baadaye maziwa yakaja.

Sijui kama wanaume wanaosoma hapa wanalijua hili. Mwili haupewi taarifa. Dada ni fundi cherehani, na nilipokwenda kumwona nilimkuta kwenye mashine yake barazani, amejifunga kanga kifuani kwa fundo gumu, juu yake dera, anashona mashati ya shule. Shati likitoka, linaingia jingine. Dera lilikuwa limelowa sehemu mbili, na yeye hakuinua macho. Mama mkwe wake akapita, akaona, akaingia jikoni kubandika uji. Hakuna aliyesema neno.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa mwaka 2021 watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wamekufa baada ya wiki 28 za mimba. Nilimsomea dada takwimu hiyo kwenye simu, nikidhani itamsaidia kujua hayuko peke yake.

"Na mama zao wanafanyaje?" akauliza.

Hilo halikuandikwa.

Akaendelea kushona. Wateja walifurahi, maana nguo zilikuwa zinatoka kabla ya ahadi, na wenye cherehani mnajua hilo si jambo la kawaida. Alishona usiku, alishona alfajiri, alipunguza kula, aliacha kupokea simu. Mpaka usiku mmoja akanipigia mwenyewe, sauti kavu, akasema anatamani alale asiamke.

Hakulia alipolisema. Laiti angelia.

## "Kwani mimi wa Lutindi?"

Tulikuwa tumeshafanya yote ambayo familia ya pwani hufanya. Shehe alikuja, kikasomwa kisomo, na siku zile chache dada alilala kidogo. Somo wake, mwanamke aliyemfunda, alitoka Pangani akakaa naye, akamkanda, akamwogesha, akamfundisha namna ya kurudi kwa mumewe. Nasema kweli, yule bibi alifanya kazi kubwa. Lakini mambo aliyoyajua yalikuwa ya mwili na ya ndoa, na kila mazungumzo yalipofika kwa mtoto, naye alisema maneno ya shangazi: utapata mwingine.

Nilipotaja hospitali, dada alinikata.

"Kwani mimi wa Lutindi?"

Msomaji wa mkoa huu haniulizi maana yake. Kama Dodoma wanavyoitaja Mirembe, sisi tunaitaja Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule juu milimani Korogwe. Inasikitisha, kwa sababu historia ya mahali pale ni ya hifadhi: wamisionari wa Kijerumani walipajenga mwaka 1896 kuwa nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, na wagonjwa wa akili wakaanza kupokewa mwanzoni mwa karne iliyopita. Leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa wanalima na kufanya kazi za mikono. Lakini mtaani jina limebaki la kutishia watoto.

Kulikuwa na hofu nyingine, na hiyo ilikuwa yangu mimi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Dada hakuwa amejaribu chochote, na kusema unatamani usiamke si kosa la mtu. Lakini hofu haisomi sheria vizuri. Nilijiuliza nikilirudia neno lile mbele ya mtu wa serikali, ataandika nini kwenye faili lake. Wenzetu Kenya, Mahakama Kuu yao ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao kama hicho, cha 226, kinapingana na Katiba. Sisi bado tunacho. Athari yake kubwa naiona kwenye vinywa: watu wanafunga midomo palepale ambapo walipaswa kuongea.

## Ushauri kutoka Ohio, simu kutoka Dar

Binti wa mjomba anayeishi Columbus, Ohio, ndiye aliyenipa wazo. Mwenyewe alipopitia mambo yake huko, alipelekwa kwa mtu wa ustawi wa jamii, si kwa daktari. Nikadhani amekosea. Kwangu mimi ustawi wa jamii ni mahali mwanamke anapokwenda kudai matunzo ya mtoto. Akacheka, akanieleza: kwao kuna watu wa fani hiyo wenye shahada ya uzamili, waliofanya kazi maelfu ya saa chini ya msimamizi, wakafanya mtihani, wakapewa leseni ya jimbo, na kazi yao ni kukaa na mtu na kuitibu shida yake kwa mazungumzo. Wengine wana ofisi zao wenyewe.

"Na tofauti yake na mwanasaikolojia?"

"Wa kwangu alianza kwa kuniuliza kodi ya nyumba nalipaje."

Nikatafuta Tanga. Ofisi ya namna hiyo, yenye kibao chake na saa za miadi, sikuipata. Nikampata mwanasaikolojia wa Dar anayehudumia watu kwa simu ya video. Alikuwa mwema na mvumilivu. Tatizo lilikuwa nyumba. Ukuta wa chumba cha dada haufiki darini, kwa hiyo kila alichosema kilisikika kwa mama mkwe, na alichonong'ona hakikusikika Dar. Akahamia uani, kuku nao wakaingia kwenye mazungumzo. Mtaalamu akamshauri atafute mahali tulivu na muda wake peke yake, na dada akamjibu kwa adabu zote kwamba sawa. Alipokata simu akaniambia:

"Huyu dada hajawahi kukaa ukweni."

Ndipo nilipokwenda kukaa kwenye lile benchi.

## Kwa nini mlango uko karibu na dirisha la malipo

Maafisa ustawi wa jamii wetu wana mafunzo haya. Taasisi ya Ustawi wa Jamii pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na wanaosoma fani hiyo hufundishwa kukaa na mtu mmoja, na familia, na kikundi. Hufundishwa ushauri nasaha na namna ya kutunza siri. Kisha wanaajiriwa, na tunawabebesha dunia. Ukiwa halmashauri una watoto wa Sheria ya Mtoto ya 2009, matunzo, malezi ya kambo, taarifa za mahakamani, wazee, watu wenye ulemavu, ndoa zinazogombana. Ukiwa hospitali una msamaha.

Msamaha huu una historia. Mwaka 1993 hospitali za umma zilianza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu. Ukishaweka dirisha la malipo, lazima uweke mtu wa kuamua nani asilipe, na mtu huyo akawa afisa ustawi. Kwa hiyo kizazi kizima kimekua kikijua ofisi ile kwa kazi moja. Mama wa bahasha ya kaki hakuwa mjinga. Alikuwa anasema anachokiona.

Na Januari 2022 sekta yenyewe ya ustawi ikatolewa Wizara ya Afya, ikapelekwa kwenye wizara mpya ya maendeleo ya jamii. Mimi si mtu wa mambo ya utumishi, lakini fani ambayo mguu mmoja uko wodini na mwingine mtaani ina haki ya kuchoka.

Nilianza kuandika makala haya nikiwa nimekasirishwa na jambo hilo. Nilitaka kusema tumewaharibu wataalamu wetu kwa kuwafanya makarani wa fedha. Kisha nikasoma jambo lililonipunguza kasi.

Mwaka 1895 hospitali ya Royal Free ya London ilimwajiri mwanamke aitwaye Mary Stewart, na ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kufanya kazi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali. Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa nini? Kuwachuja wagonjwa. Kujua nani ana uwezo wa kulipa na anajipenyeza kwenye matibabu ya bure, na nani hana kitu kabisa. Yaani msamaha! Ni miaka kumi baadaye, 1905, ndipo daktari Richard Cabot wa Massachusetts General kule Boston alipomleta muuguzi Garnet Pelton kufuatilia maisha ya wagonjwa, kwa sababu Cabot alichoka kuwaandikia dawa watu wanaorudi kwenye nyumba zile zile zilizowaumiza.

Basi fani yenyewe imezaliwa dirishani. Ukimuuliza mtu kwa nini hana pesa, na ukamsikiliza mpaka mwisho, umeshaingia nyumbani kwake. Swali la msamaha na swali la moyo vinapita mlango mmoja, na yule afisa niliyekuja kumpata aliniambia jambo hilo kwa maneno machache kuliko yangu:

"Anayekuja kuomba msamaha ndiye anayenieleza yote. Mwenye pesa analipa anaondoka."

## Mkavu

Nilipoingia na kumwona, moyo ulinishuka.

Nilimjua. Mtoto wa Ngamiani, na amesoma sekondari darasa moja na wifi wa dada, yaani dada yake shemeji. Hukutana kwenye shughuli, hupeana vitambaa vya sare za harusi. Nikajiona nimebeba aibu ya nyumba nzima na kuipeleka kwa jirani. Nikazungumza juu juu, nikauliza maswali ya jumla kama mwandishi wa habari, nikaaga.

Kwa siku kadhaa nilikuwa na hakika kwamba huu ndio ubaya wa mji mdogo. Tunajiita jiji tangu 2005, lakini hebu toka Chumbageni kwa baiskeli uone umesalimiwa mara ngapi kabla ya sokoni. Nikawaza tumpeleke dada Dar, au Moshi, mahali ambapo hakuna anayemjua mama yetu.

Lakini kitu kilinisumbua katika wazo hilo. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa bibi wa mtaani kukaa na watu wenye huzuni kwenye mabenchi nje ya zahanati. Matokeo ya utafiti wao yalichapishwa mwaka 2016, na yalikuwa mazuri. Utaratibu wenyewe umeshafika hadi Zanzibar, ng'ambo yetu tu hapa. Bibi wale si wageni. Ni majirani. Kama kujuana kunaua siri moja kwa moja, mabenchi yale yangekuwa matupu.

Kwa hiyo nikamchokoza wifi. Tulikuwa tunachambua mchele kwa ajili ya hitima ya watu, nikatupia kama mzaha: yule rafiki yako wa ustawi, mtu gani yule?

Wifi akasonya.

"Yule? Mkavu. Nimesoma naye miaka minne, lakini humpati. Ukimuuliza habari ya mtu yeyote, anakuuliza na wewe hujambo."

Nikaendelea kuchambua mchele. Ndani nilikuwa napiga vigelegele.

Nawapa bure njia hii nyie mnaoishi Songea, Lindi, Musoma, kokote ambako orodha ya wataalamu haipo. Msiwaulize watu nani mzuri. Waulizeni wapenda habari nani mkavu.

## Kadi ya mama mkwe

Nilirudi, safari hii bila kuzungukazunguka. Nikamweleza afisa kila kitu, na lile neno la usiku pia. Hakushtuka. Aliuliza kama nyumbani kuna kitu dada anaweza kujidhuru nacho, nani analala karibu naye, na kama tangu usiku ule amelirudia neno. Alisema neno la namna hiyo huulizwa waziwazi, kwamba kuliuliza hakumpi mtu wazo asilokuwa nalo. Akanipa namba yake, akaniambia likirudiwa nisisubiri asubuhi, nimlete dada hospitali saa yoyote ile.

Nikamwomba aje nyumbani. Akakataa.

"Siendi kwa mtu mzima ambaye hajaniita. Nikienda, ataniona nimetumwa, na atakuwa sahihi."

Tukakaa kimya. Kisha akauliza nani mwingine anaishi pale. Nikamtajia mama mkwe. Ana miaka mingapi? Sabini na kitu. Ana kitambulisho cha matibabu ya wazee?

Hakuwa nacho. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inawataja wenye miaka 60 na kuendelea, na mzee asiyejiweza ana haki ya kutibiwa bila malipo, lakini yule bibi alikuwa akilipia dawa zake za presha kwa sababu hakuna aliyemfuatilia.

"Basi mlete mama. Hawezi kuja peke yake."

Nililala na jambo lile likinigeukia tumboni. Je, huku si kumtega dada? Mtu aliyefiwa, ambaye tayari mwili wake umeamuliwa na kila mtu, sasa na mimi nimpeleke mahali kwa hila? Kwa upande mwingine kadi ilikuwa ya kweli, bibi aliihitaji kweli, na afisa aliniahidi kwamba atamhudumia bibi na hatamgusa dada asipotaka mwenyewe. Bado nilikuwa nusu kwa nusu asubuhi walipoondoka, dada akiwa amevaa baibui lake jeusi na bibi ameshika mkoba wa plastiki wenye kadi ya mpiga kura na picha za pasipoti.

Nilibaki nje. Haya yafuatayo ni yale tu dada aliyotaka nijue.

## Nani anapika?

Afisa alimwandikisha bibi: jina, umri, mtaa, nani anamtunza. Halafu akauliza nyumbani nani anapika. Bibi akasema yeye, siku hizi. Nani anateka maji? Yeye. Na huyu mkwe wako? Huyu anashona. Anashona saa ngapi? Bibi akanyamaza, kisha akasema: "Saa zote, mwanangu. Naogopa."

Dada anasema hajawahi kumsikia mama mkwe akikiri anaogopa kitu.

Afisa akamgeukia dada, akamuuliza kama anataka kubaki au kutoka. Akabaki. Akaulizwa anashona nini. Sare za shule. Na mtoto wako ulimshonea nini?

Huko nyumbani, tangu arudi wodini, hakuna aliyekuwa ametamka maneno "mtoto wako".

Dada akazitaja: mashati madogo ya pamba nyeupe, kofia za kufuma, shuka lenye utepe wa rangi ya maji ya bahari uliozungushwa pembeni. Akasema hajui ziko wapi. Alikuwa amezitafuta kimyakimya chumba kizima, chini ya kitanda, ndani ya pipa la vitambaa, na aliogopa kuuliza kwa sababu alidhani zimechomwa.

"Ziko kwangu," akasema bibi. "Kwenye sanduku langu la Hija. Nilificha usizione."

Nimeambiwa walilia wote wawili na kwamba afisa alifunga mlango kwa ufunguo, watu wa benchi wakagonga, hakufungua. Naomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu kwa yeyote aliyecheleweshewa msamaha wake siku hiyo.

Walirudi mara nyingine, na nyingine. Dada akawa anakwenda mwenyewe. Afisa alimwambia wazi kwamba usingizi ule na neno lile vinahitaji pia daktari, akamsindikiza mwenyewe kwa mhudumu wa afya ya akili, wakaingia pamoja bila kukaa foleni. Hapa ndipo dada alipofuta, kwa hiyo narukia mbele.

Narukia kwa shemeji. Yeye anafanya kazi Chongoleani kwenye mradi wa bomba la mafuta, anatoka usiku anarudi usiku. Siku moja akapigiwa simu: hapa ni ofisi ya ustawi wa jamii, tunaomba uje Jumamosi. Maskini shemeji! Alikuja kwangu kijasho kinamtoka, ananiuliza kama nimesikia kuna mwanamke amemshtaki matunzo. Nikamwapia hakuna. Akawa ananitazama kama vile nayajua na namficha.

Alichoulizwa huko Jumamosi ni kaburi liko wapi.

Yeye peke yake ndiye aliyelijua vizuri, kwa sababu ndiye aliyempokea mtoto ndani ya shimo. Alikuwa akipita makaburini kila akitoka kazini na hakumwambia mkewe, akidhani anamhurumia. Walikwenda pamoja asubuhi moja, wawili tu. Sikuuliza walisema nini.

Hiyo ndiyo kazi niliyoiona. Binti wa mjomba alikuwa sahihi kuhusu kodi ya nyumba. Mtaalamu wa Dar alimsikiliza dada vizuri, na kama dada angekuwa na chumba chenye mlango huenda angemtosha. Huyu wa hapa aliisikiliza nyumba: sanduku, jiko, makaburi, mwanamume anayerudi usiku. Asingeweza kuifanya kazi hiyo bila kutujua, na ndiyo maana nimebadili mawazo kuhusu Moshi.

Sijabadili mawazo kuhusu benchi. Ofisi ile inastahili mlango wa pili, mbali na dirisha la malipo, na ningependa kuwasikia wenye mamlaka wakieleza kwa nini haiwezekani. Kwa sasa, ukienda, huna haja ya kujieleza dirishani wala korido. Sema unaomba kuonana na afisa ustawi wa jamii faragha, na inatosha. Ofisi hizo zipo kwenye halmashauri pia, na huko wakati mwingine benchi ni fupi. Kama ni mtoto, kuna namba 116, bure.

## Nilijua

Baada ya miezi nikajipa moyo, nikamwambia dada ukweli kuhusu ile kadi ya mama mkwe. Alikuwa anapasi mashati. Hakusimamisha pasi.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nivae vizuri. Lini umewahi kujali nikienda hospitali nimevaa nini?"

"Sasa mbona ulikwenda?"

"Bibi alihitaji kadi."

Kadi ilitoka, nisisahau kusema. Bibi sasa anapata dawa zake za presha bila kulipa, isipokuwa zikikosekana dirishani, na hilo nalo lina makala yake.

Na afisa amehamishwa. Mtumishi wa umma ni mtu wa barua; imekuja, amekwenda wilaya nyingine, ametuaga kwa simu. Dada alipiga kelele kwa dakika kadhaa kuhusu serikali, na nilifurahi kumsikia akipiga kelele. Wanaongea bado mara mojamoja, lakini dada mwenyewe anasema si sawa na kukaa pale, na anataka kuendelea. Anayekuja ni kijana wa kiume, ndiyo kwanza anaanza kazi, na kwa mwanamke wa hapa kwetu hilo si jambo dogo. Dada amesema atamtazama kwanza. Wifi ameahidi kupeleleza kama ni mkavu. Bibi, kwa upande wake, anauliza kama ameoa.